Na Wao Wanapata Nini?

Bahasha ilifika katika sanduku la posta la ofisi ya baba katikati ya mwaka 2007. Ilikuwa imetoka nje ya nchi, ina jina langu kwa herufi za kuchapwa, na ndani yake mlikuwa na CD za Ubuntu katika makasha ya karatasi. Nilikuwa nimeziomba wiki kadhaa kabla, nikiwa intaneti kafe, kwa kujaza fomu fupi: jina, anuani, idadi ya CD. Hakuna mahali palipouliza habari za pesa. Hata gharama ya posta walilipa wao.

Baba alizigeuzageuza mkononi. Alikuwa mtunza stoo, mtu wa hati za kupokelea mizigo, na maishani mwake hakuwahi kupokea mzigo usio na ankara.

"Umelipa shilingi ngapi?"

"Bure, baba."

Akanitazama kwa muda. "Na wao wanapata nini?"

Nikamweleza nilichokuwa nimekisoma: kwamba hizi ni programu huria, kwamba watu wa nchi mbalimbali wanaziandika kwa kushirikiana, na kwamba jina lenyewe, ubuntu, huko kusini mwa Afrika ni ndugu wa neno letu utu. Mtu ni watu. Baba akasikiliza hadi mwisho.

"Utu naujua," akasema. "Mimi nauliza posta amelipa nani."

Sikuwa na jibu. Usiku ule niliiweka Ubuntu kwenye kompyuta yetu chakavu, nikafuta Windows ya kuchakachua tuliyowekewa na fundi wa mtaani, na kwa mara ya kwanza nikawa na mashine ambayo kila kilichomo ndani yake nilikuwa nacho kihalali. Nilikuwa na umri wa miaka 17 na nilijiona nimejiunga na kitu kikubwa. Swali la baba nikaliweka kando. Lilinichukua miaka saba kulirudia, na nililirudia kwa aibu.

*

Historia ya programu huria husimuliwa kuanzia kwenye printa. Mnamo 1980 hivi, Maabara ya Akili Bandia ya chuo cha MIT, Marekani, ilipewa printa mpya ya leza na kampuni ya Xerox. Ilikuwa na kasi, lakini karatasi zilikwama mara kwa mara. Mtu alituma kazi yake kutoka mezani kwake, akaenda kuichukua baadaye, akakuta haijachapwa hata ukurasa mmoja. Kwenye printa ya zamani, kijana mmoja wa maabara hiyo, Richard Stallman, alikuwa ameshalipatia dawa tatizo kama hilo. Aliongeza mistari michache kwenye programu yake, ili karatasi ikikwama, wote wanaosubiri wapate ujumbe. Kwenye printa mpya hakuweza. Programu yake ililetwa ikiwa imefungwa, bila msimbo chanzo, yaani yale maandishi ambayo binadamu huyaandika na binadamu mwingine anaweza kuyasoma.

Baadaye Stallman akasikia kwamba mtu mmoja katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon anao msimbo huo. Akamwendea, akamwomba nakala. Yule bwana akakataa, kwa kuwa alikuwa ametia saini ahadi ya kutompa mtu yeyote. Stallman amelisimulia tukio hili mara nyingi, na kila mara uzito huuweka palepale: mtaalamu mmoja aliahidi mapema kutowasaidia wenzake, kabla hata hajajua watakuwa nani.

Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu angekuwa na uhuru wa kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Januari 1984 akaacha kazi MIT, ili chuo kisije kudai kwamba alichokiandika ni mali yake.

Wasimuliaji wengi huruka kutoka hapo hadi kwenye ushindi. Mimi napenda ukurasa unaofuata, kwa sababu ndipo swali la baba linapojitokeza. Mtu aliyeacha kazi anakula nini?

Mwaka 1985 watu walianza kuihitaji Emacs, programu yake ya kuandikia. Aliyekuwa kwenye mtandao aliweza kuichukua moja kwa moja, lakini wakati huo wengi hawakuwa na mtandao. Stallman akatangaza kwamba yeyote atakayemtumia dola 150 atapelekewa kanda kwa posta. Programu ileile, yenye uhuru uleule: mwenye njia ya kuipata bila malipo aichukue, asiye nayo anunue. Kanda hizo zilimpa riziki. Oktoba 1985 lilipoanzishwa Shirika la Programu Huru, Free Software Foundation, lenyewe likaichukua biashara hiyo ya kanda.

Kwa hiyo tangu mwanzo uhuru huu uliuzwa, na aliyeuuza ni yuleyule aliyeutangaza. Stallman hakuona mgongano wowote. Kiingereza kinatumia neno moja kwa kitu kilicho huru na kitu kisicholipiwa, na mzee huyo ametumia miaka mingi kuwaeleza watu kwamba anazungumzia uhuru kama wa kusema, si bia ya kupewa. Sisi lugha yetu imetupunguzia kazi hiyo. Huru ni huru, bure ni bure. Zaidi ya hapo, bure yetu imebeba onyo ndani yake, maana mtu anaweza pia kuhangaika bure. Na neno huria tulishalizoea kwenye soko huria, lililotufikia na mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980, na sidhani kama yuko aliyeingia soko huria akitegemea kugawiwa sukari.

Hata hivyo tunachanganya. Mimi nilichanganya, na lugha haikunisaidia.

*

Ugumu wa jambo hili unaonekana vizuri kwa Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki aliyetangaza Linux Agosti 1991. Leseni yake ya kwanza ilikataza mtu yeyote kupokea pesa kwa kuisambaza. Ilionekana kuwa ni leseni safi: kitu cha wote, pesa zikae mbali. Lakini waliotaka kuwanakilia wenzao kwenye disketi walikuwa wananunua disketi hizo na kulipa posta, na leseni iliwanyima hata haki ya kurudishiwa gharama zao. Mapema 1992 Torvalds akaibadilisha, akachukua leseni ya GNU, inayoruhusu kuuza kwa bei yoyote mradi mnunuzi apate msimbo na uhuru wote alioupata muuzaji. Kuanzia hapo wauza disketi na CD wakawa wapagazi wa Linux. Pesa aliyoifungia mlango ndiyo iliyoibeba.

Huko California, mwaka 1989, watu watatu walikuwa wameshalichukua wazo hilo hatua moja mbele. Michael Tiemann alikuwa amesoma andiko la Stallman linalotetea GNU, ambalo kwa wengi lilionekana kama tamko la kisiasa, yeye akaona ndani yake mpango wa biashara. Kama programu ni ya wote, alifikiri, basi kilicho adimu ni watu wanaoielewa. Yeye, John Gilmore na David Henkel-Wallace wakachanga dola 6,000 wakaanzisha kampuni ya Cygnus. Hawakuuza programu. Waliuza kazi ya kuitengeneza, kuirekebisha na kuihamishia kwenye mashine za wateja, na msimbo waliouandika ukabaki wazi kwa wote, washindani wao wakiwemo. Mwaka 1999 Red Hat ilikubali kuinunua Cygnus kwa hisa zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 600. Red Hat nayo ikanunuliwa na IBM kwa dola bilioni 34, biashara iliyokamilika Julai 2019.

Takwimu hizi hupendwa sana kwenye makongamano. Zinatufanya tuamini kwamba mvutano kati ya uhuru na biashara ulikwisha zamani. CD zangu za mwaka 2007 zinasimulia vingine.

*

Aliyelipa posta, baba, ni Mark Shuttleworth.

Ni mzaliwa wa Afrika Kusini. Kampuni yake ya Thawte, iliyotoa vyeti vya usalama wa tovuti, iliuzwa mwishoni mwa 1999 kwa takriban dola milioni 575. Aprili 2002 akasafiri hadi kituo cha anga kwa chombo cha Urusi, akijilipia mwenyewe. Mwaka 2004 akaanzisha kampuni ya Canonical, na Oktoba 20 mwaka huo Ubuntu ya kwanza ikatoka. Ilijengwa juu ya Debian, mfumo ambao watu wa kujitolea walikuwa wakiufanyia kazi tangu 1993. Shuttleworth aliongeza mishahara, ratiba ya toleo jipya kila miezi sita, na ahadi kwamba Ubuntu haitalipiwa kamwe. Mwaka 2005 akatenga dola milioni 10 kwa ajili ya wakfu wa kuuhakikishia mradi huo uhai.

Kwa walio na intaneti ya kasi, CD ya posta ilikuwa ukumbusho wa kuweka kabatini. Kwetu ilikuwa mlango. Intaneti kafe walitoza kwa dakika, na kupakua megabaiti 700 lilikuwa jambo la kuota. Nyuma ya kasha palikuwa na maneno yanayokuruhusu, tena yanayokuhimiza, kunakili na kuwagawia wenzako. Nilichoma nakala hadi CD yenyewe ikajaa mikwaruzo.

Aprili 2011 Canonical ilitangaza kuufunga mpango huo wa kutuma CD. Intaneti imeenea, walisema, na gharama ni kubwa. Nilisikitika kama mtu aliyefungiwa duka alilokuwa hanunui kitu.

Kisha ikaja Oktoba 2012. Katika toleo la 12.10, ukiandika neno kwenye sehemu ya kutafutia mafaili ndani ya kompyuta yako mwenyewe, neno hilo lilitumwa kwenye seva za Canonical, nazo zikakuletea bidhaa za Amazon pamoja na mafaili yako. Ukinunua, Canonical ilipata kamisheni. Unatafuta barua uliyomwandikia dada yako, unaonyeshwa viatu. Stallman akaiita Ubuntu programu ya upelelezi na akawataka watu waache kuipendekeza. Shuttleworth alijibu, kwa ufupi, kwamba watumiaji tayari wanaiamini kampuni yake kwa mashine zao nzima kila wanapopokea masasisho.

Mimi nilikuwa upande wa Stallman kwa hasira ya kijana. Nilizunguka hosteli nzima ya chuo nikiwaondolea wenzangu kipande hicho cha Amazon, nikihutubia. Sikujiuliza hata mara moja: kampuni ambayo kwa miaka minane ilikuwa ikiishi kwa mfuko wa mtu mmoja, na wateja wake wengi wakiwa watu kama mimi ambao hawajawahi kuilipa senti, ilitakiwa ifanye nini? Kuwauza watu bila kuwauliza lilikuwa kosa, na bado nasema hivyo. Lakini kosa hilo lilizaliwa na deni, na katika deni hilo nami nilikuwamo.

*

Mwaka huohuo nilikuwa nimeiandikia shule moja ya binafsi ya mjini kwetu programu ya kutunza ada. Nilitumia PHP na MySQL juu ya Ubuntu. Walinilipa mara moja, pesa ya kununulia simu, nami nikawaambia kwa fahari kwamba programu ni yao, iko huru, wanaweza kuifanyia chochote.

Kila muhula nikapigiwa simu. Kidato kimeongezwa, fomu ya risiti imebadilika, umeme umekatika na kompyuta haiwaki. Nilikwenda kwa nauli yangu. Nilipotaja malipo, mhasibu, mama wa makamo aliyenichukulia kama mwanawe, alishangaa kweli kweli.

"Lakini mwanangu, si ulisema ni ya bure?"

"Nilisema ni huru, mama."

"Sasa tofauti yake nini?"

Nikaanza kueleza, nikaishia kurekebisha risiti.

Rafiki yangu mmoja, fundi mwenzangu, alinicheka. Yeye kila programu aliyoiuza aliiwekea kufuli: tarehe fulani ikifika, inagoma hadi mteja alipe. "Mkono mtupu haulambwi," aliniambia. "Wape sababu ya kukukumbuka." Desemba 2013 nikaweka kufuli. Mistari sita tu. Nikaondoa msimbo ulio wazi kwenye kompyuta ya shule, nikaacha uliofungwa.

Siku ya kufungua shule Januari 2014, programu iligoma. Nilikuwa safarini kwenye basi, simu haina mtandao. Nilipofika shuleni ilikuwa saa tisa alasiri. Wazazi walikuwa wamekaa kwenye ngazi tangu asubuhi, hati za benki mkononi, kwa sababu bila risiti hakuna mwanafunzi anayepokewa bwenini. Mzee mmoja alikuwa amekalia tranka la bintiye. Kwenye skrini ya mhasibu palikuwa na maneno niliyoyaandika mwenyewe: *Wasiliana na fundi.*

Mama yule hakufoka. Aliniuliza, "Imeharibika, au umeifunga?"

Nikasema imeharibika.

Nilipokuwa nimeinama kwenye kibodi, nikifuta mistari yangu sita huku nikijifanya natafuta hitilafu, nilimkumbuka yule bwana wa Carnegie Mellon. Kwa miaka yote nilikuwa nikiisoma hadithi ya printa nikiwa Stallman. Siku ile nilikuwa upande wa pili wa meza. Tena yule bwana walau alikuwa na ahadi ya kutimiza. Mimi nilikuwa nadai nauli.

*

Aprili mwaka huo dunia nzima ikaamshwa na Heartbleed. Huo ulikuwa udhaifu ndani ya OpenSSL, programu huria inayofunga kwa siri mazungumzo kati ya kompyuta na tovuti, ile inayolinda nywila na namba za benki. Sehemu kubwa ya tovuti za dunia iliitegemea. Watu walipoanza kuuliza ni akina nani wanaoitunza, ikajulikana kwamba mtu mmoja tu ndiye aliyeifanyia kazi kwa muda wote, na kwamba michango ilikuwa takriban dola 2,000 kwa mwaka. Makampuni yenye mabilioni yalikuwa yamejenga juu ya ukuta ambao hakuna aliyeulipia fundi. Mwezi huohuo Linux Foundation ikaunda mfuko, na Google, Microsoft, Facebook na wengine wakachanga.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakumfukuza mgeni, wala hawakumfungia mlango hadi alipe. Walimpa jembe mkononi, mchana, mbele ya watu, naye akajua analima nini. Nilipoisoma habari ya OpenSSL niliona kwamba njia mbaya nilizozijua zilikuwa tatu: kumwacha mwenyeji alime peke yake hadi aanguke, kama OpenSSL, kuupekua mkoba wa mgeni akiwa amelala, kama Ubuntu ile ya 12.10, na kumfungia chumbani siku ya safari yake, kama mimi. Zote zinatokana na aibu ya kutaja jembe mapema.

Canonical yenyewe ilichelewa kulitaja. Mwaka 2013 ilijaribu kuchangisha dola milioni 32 kwa ajili ya simu ya Ubuntu Edge, ikafikia karibu milioni 12.8, na mradi ukafa. Katika toleo la Aprili 2016 utafutaji wa Amazon ulizimwa, isipokuwa kwa anayeutaka mwenyewe. Aprili 2017 Shuttleworth akatangaza kuachana na ndoto ya simu na kuweka nguvu kwenye kinacholipa, hasa seva za makampuni. Leo Ubuntu bado haina bei, lakini kampuni inayotaka masasisho ya usalama kwa miaka kumi hulipia Ubuntu Pro, na mtu binafsi hupewa huduma hiyohiyo bila malipo kwa mashine tano. Wapo walionung'unika walipoona tangazo lake kwenye skrini zao. Mimi nililisoma kwa nafuu. Lilikuwa limeandikwa wazi nani analipa, analipia nini, na nani halipi.

Nami nilirudi shuleni, na kurasa mbili za mkataba. Ukurasa wa kwanza ulisema msimbo wote ni wa shule, umo kwenye flashi hii, utunzwe kabatini, na fundi yeyote anaweza kuutumia. Wa pili ulitaja ada yangu ya kila mwezi na kazi zinazoingia humo. Kabla ya kumpa mama mhasibu, nilimwambia ukweli kuhusu kufuli.

"Nilijua," akasema. Kisha akausoma mkataba polepole, kidole kikifuata mistari. "Kwa hiyo siku tukikuchoka, tunaweza kukuacha na programu ikabaki?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa wewe unafaidika nini?"

Nikamwonyesha ukurasa wa pili.

Mwaka 2019 waliniacha kweli. Alikuja mkuu wa shule mpya na fundi wake, kijana wa bei nafuu, na flashi ikatolewa kabatini. Iliniuma, maana ile ada ya mwezi ndiyo iliyonilipia chumba. Wiki ya pili kijana yule akanipigia: "Shikamoo kaka, kuna sehemu ya madeni ya nyuma siielewi." Nikamweleza. Akapiga tena, nikamweleza. Mara ya tatu tukakaa kwenye simu karibu saa nzima, na nikakiri moyoni kwamba alikuwa akiisoma kazi yangu vizuri kuliko nilivyoiandika.

Alipopiga mara ya nne kuomba niende kuwatengenezea sehemu mpya kabisa, nilimwambia nitakwenda, nikatuma ankara kwanza. Nakala yake nilimwonyesha baba. Aliisoma yote, tarehe, kazi, kiasi, akaikunja mara mbili na kunirudishia. "Hii," akasema, "ina kichwa na miguu."